Mikono ya Marehemu Temu

Roboti la marehemu Temu lilichelewa kazini kwa dakika ishirini, na hapo ndipo Namkunda Mbwambo aliposhtuka. Lingewahi, angesema hicho ni chuma tu, kinaamshwa na saa. Lakini dakika ishirini kila Jumatatu ndiyo ilikuwa desturi ya Ndekirwa Temu tangu aajiriwe, na Temu alikuwa amezikwa juzi Jumamosi huko Marangu, katika kihamba cha baba yake, katikati ya migomba. Namkunda mwenyewe alikuwepo. Aliteremka kaburini, akaketi humo na kugoma kutoka, kama inavyompasa mtani wa Kipare msiba unapowapata Wachaga, mpaka wafiwa walipomtoa kwa mkungu wa ndizi. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba labda Temu hajafa sawasawa.

Alivaa miwani yake, akaingiza mikono kwenye glavu, akatulia kitini. Ukumbi ulikuwa Same mjini, chini ya milima ya Upare, wenye viti thelathini na feni mbili, moja nzima. Kazi yenyewe ilikuwa Mwezini. Huko, ndani ya bonde ambalo jua halijawahi kulichungulia, maroboti thelathini yalichimba barafu mchana kutwa. Ukinyoosha mkono Same, mkono wa chuma unanyooka kule, na wewe unauona umenyooka baada ya sekunde tatu kasoro. Sekunde tatu si kitu ukiwa unasubiri chai, ila ukiwa unachimba ni balaa. Kama kila pigo la beleshi lingesubiri jibu, ungejaza ndoo moja kwa siku na presha juu.

Ndiyo maana maroboti yalitengenezwa yawe yanajifunza. Kila roboti lilimtazama mwendeshaji wake, likashika anavyoinama, anavyopima mawe, saa anayopumzika, mpaka likaweza kumalizia pigo kabla amri haijafika. Mafundi waliyaita hayo mazoea. Miaka kumi na moja ya mazoea ni mingi. Roboti la Temu lilichimba kama Temu, kwa bega la kushoto, na hakuna aliyechimba barafu vizuri kuliko Temu.

Sasa kiti cha Temu kilikuwa kitupu, sweta lake bado limening'inia mgongoni mwa kiti, na kule Mwezini roboti lake likaja taratibu kutoka kwenye maegesho. Halikwenda kwenye barafu. Lilikwenda nyuma ya roboti la Namkunda, namba sita, lenye bega lililopakwa rangi nyekundu, likachomoa beleshi lake mgongoni, likaenda kulificha nyuma ya jiwe jeusi.

"Mwizi mkubwa wewe," Namkunda akasema kwa sauti, kama alivyosema kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja.

Kisha akakumbuka. Akalia humohumo ndani ya miwani, jambo ambalo halifai hata kidogo, maana miwani ile ikiingia ukungu humwoni hata mwizi wako.

Mchaga akimwibia Mpare wake hapana kesi, na Mpare akimwibia Mchaga wake hapana kesi vilevile. Nadhani ndiyo sheria pekee iliyopata kumzuia Mpare kwenda mahakamani. Temu aliiba beleshi kila Jumatatu, Namkunda akajaza mawe kwenye ndoo za Temu kila Ijumaa, na hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda.

Saa nne roboti la Temu liliacha kuchimba, likajisogeza kando, likakaa robo saa bila kufanya lolote. Lilikuwa linakunywa chai.

*

Bwana Rweyongeza, meneja, hakuhuzunika. Alikuwa Mhaya wa kwao Bukoba, mtu wa suti hata Same inapochemka, na alisimama nyuma ya kiti cha Namkunda huku uso umemkunjuka.

"Pole na msiba, Dada Namkunda."

"Nimeshapoa, Meneja. Ila marehemu yuko kazini."

"Ndilo nililojia. Nimeangalia ndoo zake. Anachimba vilevile, na hakuna mtu kitini. Unaelewa maana yake?"

"Maana yake mmesahau kulizima."

"Maana yake," akasema meneja, akivuta kiti cha Temu na kukikalia bila hodi, "tunaweza kuchukua mazoea yake tukayatia kwenye maroboti mengine ishirini na nane. Tarehe ishirini wakubwa wanakuja kutoka makao makuu. Watakuta Matemu ishirini na tisa wanachimba wenyewe. Lako tutaliacha na wewe kitini, walinganishe."

Namkunda alivua miwani. Aliangalia ukumbi, watu ishirini na wanane wameinamia kazi zao, wananyoosha mikono hewani. Hakuna aliyesikia.

"Na hawa?"

"Hawa tutawapangia shughuli nyingine."

"Shughuli gani?"

"Tutaangalia," akasema meneja, na Namkunda akajua hakuna shughuli.

Fomu zilikuwa mbili. Moja ya mjane, kwa kuwa mkataba ulisema mwendeshaji akifariki mrithi wake ndiye mwenye kauli juu ya mazoea. Ya pili ya mtumishi wa kiti jirani, athibitishe kwa maandishi kwamba roboti halina matatizo. Meneja alimpa Namkunda kalamu yake mwenyewe.

"Unaweza kutia saini sasa hivi, sehemu ni hii."

"Meneja, mimi Mpare. Nasoma hata kiberiti kabla sijakiwasha. Niachie."

"Na hii chai ya saa nne?" akauliza meneja, akikunja paji la uso. "Fundi alijaribu kuiondoa hiyo chai peke yake. Roboti likaanza kuvunja mipini, limesahau hata bega. Anasema mazoea hayana mishono, ukivuta uzi mmoja nguo nzima inafumuka. Ikabidi airudishe, basi chai tumeisamehe. Kuna kingine?"

Kilikuwepo kingine. Namkunda alikijua kama anavyojua jina lake. Kila mwaka, tarehe ishirini Desemba, baada ya chai ya saa nne, Temu alikuwa anafunga mabeleshi na ndoo, analipeleka roboti lake mpaka uwanja wa kutua vyombo, analigeuza litazame upande Dunia inapochungulia juu ya ukingo wa bonde, analikunja mikono. Alisema si haki lichimbe huku mwenyewe anakula mbuzi Marangu. Kisha alivua glavu, akawaaga wote kwa majina, akaenda stendi. Roboti lilisimama pale hadi Januari. Meneja hakupata kuliona hilo, kwa sababu yeye mwenyewe kila mwaka tarehe kumi na nane alikuwa ndani ya basi la Bukoba.

"Hiyo tarehe ishirini," Namkunda akasema, "ningekuwa wewe ningeisogeza. Hata iwe kumi na tano."

"Kwa nini?"

"Ni Krismasi, Meneja. Mchaga na Krismasi, wewe humjui?"

Meneja alicheka. "Dada yangu, huyu keshakufa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Namkunda akaikunja fomu, akaitia mkobani.

*

Alikaa nayo siku tisa, na siku hizo tisa nitazisema kama zilivyokuwa, maana yeye mwenyewe hakuzificha baadaye. Alikuwa na raha. Aliibiwa beleshi Jumatatu, Ijumaa akajaza mawe kwenye ndoo za marehemu, na marehemu akayamwaga yote moja moja kwa ule mkono wa kushoto, kwa maudhi yaleyale. Saa nne naye alisimamisha namba sita, akaliegesha kando ya roboti la Temu, wakanywa chai. Akiandika kwenye fomu habari ya tarehe ishirini, ziara ya wageni itaahirishwa na meneja atalizima roboti kwa hasira. Asipoandika, Temu atabaki, kwa kuwa hata akienda Krismasi, Januari hurudi. Atabaki mara ishirini na tisa, naye hatapumzika tena, na watu ishirini na wanane watarudi kwao. Alijua lipi ni sawa. Hakutaka tu kulifanya.

Siku ya kumi alikwenda kwa mjane. Mama Elinami aliishi kwenye nyumba ya kampuni, hatua mia kutoka ukumbini, na Namkunda alimkuta sebuleni akifunga sahani kwenye magazeti.

"Karibu, wifi. Sogeza hilo sanduku ukae."

"Unahama? Meneja si amesema mikono ya Temu ikiendelea kufanya kazi, nyumba inabaki yako?"

"Amesema." Mama Elinami akafunga sahani nyingine. "Angalia huo ukuta. Miaka kumi na moja sijapigilia hata msumari mmoja. Ndekirwa alikuwa anasema, picha tutatundika nyumbani. Hapa ni kazini."

Namkunda akamweleza yote, chai, beleshi, mawe. Mama Elinami alicheka mpaka akashika ubavu, hasa lile la kuchelewa. Kisha akapangusa macho kwa upande wa kanga.

"Kwa hiyo tumemzika Marangu, na huku anachimba."

"Anachimba."

"Wifi, mimi nilimngoja yule mtu kila jioni. Alikuwa anarudi mabega yamekufa, namkanda kwa mafuta ya nazi. Huko nani anamkanda?" Akaichukua fomu yake mezani. "Nikikataa?"

"Watalizima. Kesho asubuhi, pengine. Litatupwa kwenye vyuma chakavu."

"Na nikikubali?"

"Hatapumzika."

Mama Elinami alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo Namkunda alikuwa amelikwepa siku tisa.

"Tarehe ishirini wanakuja, siyo? Na wewe ulimwambia meneja kuhusu Krismasi?"

"Nilimwambia. Akacheka."

"Basi mwache Ndekirwa aende mwenyewe," akasema mjane. "Asizimwe kama taa. Afunge mzigo wake, aondoke kwa miguu yake, kama kila mwaka. Baada ya hapo nitajua la kusema. Wewe ni mtani wake. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema kweli. Andika kweli, lakini jibu walichokuuliza."

Fomu ya mjane Namkunda ndiye aliyemsaidia kuijaza. Waliandika kwamba anakubali kwa siku moja tu, tarehe ishirini, na kwamba mumewe apokelewe kama alivyo, asipunguzwe kitu. Yake mwenyewe aliisoma mara tatu. Swali la kwanza liliuliza: je, roboti linafanya kazi kama alivyofanya mwendeshaji wake? Akaandika: ndiyo, kama yeye mwenyewe kabisa. La pili: je, lina dosari yoyote? Akaandika: hana. Meneja akazipokea zote mbili bila kuzisoma.

*

Tarehe ishirini ukumbi ulifagiliwa, feni mbovu ikafunikwa kwa bendera. Viti vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja. Waendeshaji ishirini na wanane walikuwa barazani wamepewa soda, na kwa namna walivyozishika hizo soda ulijua wameshaambiwa. Wakubwa walikuja watatu, na mkubwa wao alikuwa Bi Mwanahawa, mama mfupi wa makamo mwenye hijabu ya bluu, asiyependa hotuba. Mama Elinami alikaa safu ya mbele, kwa kuwa meneja alikuwa amemwandalia cheti.

Kwenye skrini kubwa, saa mbili na dakika ishirini, Matemu ishirini na tisa waliingia kazini.

"Wamechelewa," akasema Bi Mwanahawa.

"Wanapasha mitambo," akasema meneja.

Na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, walikwenda wote ishirini na tisa kwa namba sita. Wa kwanza akachomoa beleshi. Wa pili, alipokuta hakuna beleshi mgongoni, akamnyang'anya wa kwanza. Wa tatu akamnyang'anya wa pili. Namkunda akiwa kitini, mikono hewani, aliona mali yake ikipita kwa wezi ishirini na tisa, wote wa ukoo mmoja, hadi wa mwisho akaificha nyuma ya jiwe jeusi. Akang'ata mdomo asicheke.

"Hiyo ni nini?"

"Ni, ni ukaguzi wa vifaa," akasema meneja, na jasho likapenya kwenye suti.

Baada ya hapo, lakini, walichimba. Haki ya mtu isifichwe, walichimba vizuri ajabu, mabega ya kushoto ishirini na tisa yakiinama pamoja, na ndoo zikajaa upesi hata wakubwa wakaanza kunong'onezana. Meneja akarudiwa na rangi yake. Saa nne wakanywa chai, naye akasema wanapoza injini. Saa nne na robo waliinuka, wakaanza kufunga mabeleshi.

"Na sasa?"

Matemu walifunga ndoo kwa kamba, wakajipanga msururu, wakatoka bondeni. Meneja alikimbilia barazani.

"Ingieni mshike viti, upesi."

Waendeshaji walimwangalia. "Meneja," mmoja akasema kwa upole, "ni saa ya chai."

"Waache," akasema Bi Mwanahawa. "Nataka nione wanaenda wapi."

Walikwenda mpaka uwanja wa kutua. Wakasimama safu, wakageuka, wakatazama juu ya ukingo wa bonde, ambako Dunia ilikuwa inachungulia nusu, ya bluu. Halafu wakakunja mikono, na hapo hakuna aliyetikisika tena.

"Wanafanya nini pale?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Wanakwenda nyumbani," akasema Mama Elinami. "Ni Krismasi."

Bi Mwanahawa alimgeukia Namkunda. "Wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia Meneja asogeze tarehe."

"Mbona kwenye fomu umeandika halina dosari?"

"Kwenda nyumbani Krismasi si dosari, Bi Mkubwa. Asingekwenda ndiyo ningeandika." Kisha Namkunda akavua miwani, kwa sababu lililobaki hakutaka kulisema amejifunika. "Lakini kosa ninalo. Ningeweza kukataa siku ya kwanza. Nilikaa siku tisa naibiwa na marehemu, na nikafurahi, kwa sababu namkosa. Watu ishirini na wanane wangepoteza viti kwa ajili ya furaha yangu. Hilo andika."

Bi Mwanahawa hakuandika. Alimuuliza meneja kama hayo mazoea yanaweza kupunguzwa, meneja akaeleza habari ya mishono. Mama mfupi yule akaigeukia skrini.

"Kwa hiyo mtu huyu hana sehemu ya kazi na sehemu ya nyumbani," akasema. "Ni kitu kimoja."

"Ni mume wangu," akasema Mama Elinami. "Siku yangu moja imekwisha. Kauli ni yangu, na nasema hao wengine warudishieni mikono ya wenyewe. Wangu mzikeni palepale. Amefunga mzigo, mnamrudisha wa nini?"

Bi Mwanahawa akaitika kwa kichwa. Meneja akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu aje Same akafungua kifungo cha koti.

*

Mchana uleule maroboti ishirini na nane yalirudishiwa mazoea yao ya zamani na watu wao wakarudi vitini, wakiwa bado na soda. Kazi ya kuzika aliachiwa mtani.

Namkunda alikwenda kulitoa beleshi lake nyuma ya jiwe jeusi, akachimba shimo pembeni mwa uwanja, refu la kumtosha, kichwa upande wa Dunia. Ukumbi mzima ulisimama nyuma yake. Alipomaliza aliliweka beleshi ukingoni, akalishusha namba sita shimoni, akalilaza chali, akalikunja mikono.

"Unafanya nini?" akanong'ona meneja.

"Nagoma," akasema Namkunda. "Sitoki mpaka nipewe kitu."

Mwezini hakuna ndizi. Sekunde tatu zikapita. Roboti la Temu, ambalo lilikuwa bado halijazimwa, lilikunjua mikono. Likatazama shimo, likainama kwa bega la kushoto, likaokota beleshi la Mpare. Likalipachika mgongoni mwake, likakunja mikono tena.

Mama Elinami ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka barazani.

Namkunda akatoka shimoni, maana atagomea nini tena, na keshaibiwa. Akalishika roboti la Temu kiwiko, likamfuata bila ubishi, likashuka, likalala. Fundi akalizima. Ilibidi Namkunda alifukie kwa mikono, vumbi kiganja kwa kiganja, na kazi hiyo ilimchukua hadi saa kumi na moja.

Kabla ya kuondoka alijaza daftari la vifaa, kama utaratibu unavyotaka. Aliandika: beleshi moja la namba sita limeibwa. Mwizi anajulikana. Sidai.